Msuli Haikuonekana

Kama una bahasha ya maabara nyumbani kwako na hujaifungua, weka haya maandishi kando uifungue kwanza. Nitakungoja. Yangu ilikaa ndani ya Biblia ya mke wangu wiki tisa, katikati ya Zaburi, imebanwa kwa pini mbili, na sisi tukiimba na kumshukuru Mungu juu yake.

Naitwa Ireri. Nimezaliwa na kuzeekea Gachoka, upande wa chini wa Embu, kwenye jua, vumbi na mbuzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu ilikuwa kukagua nyama. Kila asubuhi nilikuwa kichinjioni na kisu changu na muhuri wa wino wa zambarau, na hakuna nyama iliyotundikwa buchani kabla sijaikata na kuitazama. Watu waliniita Dakitari, wengine kwa heshima, wengine kwa kunicheka. Nilikuwa mkali. Nayasema haya ili ujue kwamba aliyefanya kosa nitakalolieleza hakuwa mgeni wa mambo ya ukaguzi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Damu ilianza wakati wa kuvuna ndengu. Nilienda haja ndogo nyuma ya ghala, nikaona mkojo una rangi ya chai isiyo na maziwa. Sikuhisi maumivu yoyote. Baada ya siku tatu ukasafika, nikajiambia ni jua na kutokunywa maji, nikanyamaza. Mwanaume wa kwetu akiumwa jino atawaambia kijiji kizima, lakini ugonjwa ukishuka chini ya mshipi anakuwa bubu.

Mke wangu aligundua kwa sababu yeye ndiye anayefua. Alikuja na suruali yangu ya ndani mkononi, akaiweka juu ya meza kama mwalimu anayeweka karatasi ya mtihani ulioanguka.

“Baba Wanja, hii ni nini?”

“Kutu. Ya mshipi.”

“Mshipi siku hizi unavaliwa huko?”

Tulienda zahanati. Nikaambiwa ni kichocho, kwa sababu nilikuwa nikishuka mtoni na mbuzi. Nikameza vidonge. Damu ikaondoka, ikarudi. Nikaambiwa ni maambukizi, nikameza vingine. Vidonge vya pili vilikwisha mvua za Aprili zikiwa zimeshika, na sasa damu ilikuja na mabonge. Siku moja bonge liliziba njia, nikakaa tangu asubuhi mpaka saa nane bila kutoa hata tone. Maumivu yale sitayaeleza. Ukishayapata utayajua, na ukiwa hujayapata, omba usiyapate.

Hospitali niliyopelekwa Embu sitaitaja, maana watu wake walinitendea wema mwingi, na kosa si la mtu mmoja. Waliniwekea mpira wa kutolea mkojo, wakanipiga picha, wakaona uvimbe ndani ya kibofu. Daktari aliyetueleza alikuwa kijana mpole. Alichora mfuko kwenye karatasi, akachora ngozi laini ya ndani, kisha akapaka wino mzito kuizunguka.

“Hii ndiyo msuli,” alisema. “Tutaingia na kamera, tukwangue hiyo kitu, tupeleke maabara. Kama ni kansa na haijaingia kwa msuli, tutakuwa tunakwangua na kuosha na dawa. Kama imeingia, hiyo kibofu lazima itoke.”

Mke wangu, Marigu, hajui kusoma sana, lakini alilishika lile neno. Kuanzia siku hiyo hakuomba nipone. Aliomba kwa ajili ya msuli, na aliutaja kwa jina. Akiwa anakamua mbuzi nilimsikia akisema, Bwana, ulinde msuli wa Baba Wanja.

Waliponikwangua walinichoma sindano ya mgongo, kwa hiyo nilikuwa macho. Nilisikia mashine, nikasikia wakizungumza juu ya mpira wa Jumamosi. Mwishoni muuguzi alipita na kichupa, nikamwomba anionyeshe. Ndani yake vilielea vipande vidogo vyeupeyeupe, kama makapi ya mtama kwenye maji. Macho yangu ya miaka thelathini yaliniambia jambo. Sikuona kipande hata kimoja chenye rangi ya nyama.

“Ni hiyo tu?” niliuliza.

“Ni hiyo tu, Mzee. Wewe tulia.”

Nikatulia. Kichinjioni ningekirudisha kichupa kile na maneno makali juu yake. Lakini mtu asiye na suruali hana cheo.

Majibu yalichukua wiki tatu. Tulikaa kwenye benchi nje ya dirisha dogo, mimi na mkojo wangu katika mfuko uliofichwa chini ya koti, Marigu na Biblia yake. Daktari yule kijana alikuwa ameenda masomoni. Aliyetuita alikuwa mtu mwingine, mwenye haraka, na nyuma yetu foleni ilikuwa imefika mlangoni. Aliichungulia karatasi, akairudisha ndani ya bahasha, akaipiga pini mbili.

“Mzee Ireri. Ni kansa, lakini iko juu juu. Imeingia kidogo tu chini ya ile ngozi ya ndani. Msuli haikuonekana. Utarudi kliniki baada ya miezi tatu, na uje na hii bahasha.”

Marigu aliketi sakafuni. Si kwamba alianguka. Aliketi tu, akafunika uso kwa leso, akasema, “Haikuonekana. Baba Wanja, haikuonekana.”

Ni lazima nikueleze hapa, maana maisha yangu yalining'inia kwenye herufi moja. Sisi watu wa huku Kiswahili tulikikuta shuleni. Nyumbani ni Kimbeere, sokoni ni mchanganyiko, na zile ngeli mwalimu alizotuchapia fimbo hazikuingia. Kwetu kila kitu ni “hii” na “hiyo”: mti hii, mkono hii, msuli hii. Kwa hiyo yule bwana aliposema msuli haikuonekana, alitaka kusema kwamba msuli wenyewe haukuonekana. Haukuwemo katika vile vipande. Nasi tukasikia kwamba kwenye msuli, kansa haikuonekana. Maneno mawili yale yale. Mtu wa Pwani angesema haukuonekana, na Marigu angeuliza, kwani msuli umeenda wapi? Lakini hatukuwa na mtu wa Pwani.

Hatukuifungua bahasha. Ilikuwa imeandikiwa kliniki, si sisi, na kwetu barua ya mtu haifunguliwi. Marigu aliitia katika Zaburi.

Mwezi wa Agosti tulichinja mbuzi wa shukrani. Mweupe, dume, asiye na doa, Marigu alimchagua mwenyewe. Mchungaji alikuja, majirani wakaja, na wa kuchinja akawa Nthiga.

Nthiga ana bucha pale Gachoka, na kati yetu kulikuwa na maneno ya zamani. Miaka mingi nyuma aliniletea ng'ombe aliyekwisha kuchunwa, amegawanywa vizuri, lakini kichwa hakikuwepo. Mkaguzi huangalia kichwa, kwa sababu kuna tezi kwenye taya ambazo husema mambo ambayo paja halisemi. Nikamuuliza kichwa kiko wapi. Akasema, Dakitari, kichwa iko sawa, nimeiona mimi mwenyewe. Nikamwambia nisichokikata sikijui, nikatia muhuri wangu mfukoni nikaondoka. Ng'ombe mzima akazikwa. Tangu siku ile tulisalimiana kwa kidevu.

Basi siku ya shukrani Marigu alisimama akashuhudia. Akasema jinsi alivyoomba, na jinsi yule daktari alivyosema msuli haikuonekana. Watu wakapiga makofi. Nthiga alikuwa ameketi mbele yangu na ubavu mkononi. Alitafuna, akameza, akanitazama.

“Dakitari, wacha nikuulize. Haikuonekana kwa sababu haiko, ama haikuonekana kwa sababu haikuletwa?”

“Unasema nini?”

“Nauliza tu. Hata ile ng'ombe yangu, kichwa yake haikuonekana. Na ulikataa kunipigia muhuri.”

Mchungaji alikohoa. Marigu alimwambia, “Nthiga, kula nyama yako.” Mimi nilimwambia zaidi ya hayo, na sitayaandika, kwa sababu mchungaji aliyasikia na hilo linatosha. Nthiga aliosha mikono akaenda. Lakini neno lake lilibaki limekaa mahali pake mezani.

Niliujua ukweli saa ile ile. Siwezi kukudanganya, maana naandika haya ili yakufae. Nilikumbuka kile kichupa na yale makapi meupe, nikairudisha nyama yangu sahanini. Kilichonizuia ni kiburi. Kufungua bahasha ilikuwa ni kukubali kwamba Nthiga, ambaye nilimzikia ng'ombe, amenifundisha kazi yangu. Tena Marigu alikuwa amerudi kuimba asubuhi. Ni nani angemnyamazisha?

Kwa hiyo nilingoja. Wiki tisa. Mkojo ulikuwa safi, nikaongeza mwili, watu wakaniambia nimerudi kuwa kijana. Kila asubuhi Marigu alisoma Zaburi, na kila asubuhi aliihamisha bahasha kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine ili apate kusoma. Niliitazama ikihama. Nilipopita mbele ya bucha ya Nthiga nilivuka barabara. Usiku sikuwa na shida, nililala. Shida yangu ilikuwa mchana, kwenye shamba, nikiwa peke yangu na jembe. Nilijikuta nimesimama, nikisema kwa sauti, haiko au haikuletwa?

Mvua za Oktoba zilipoanguka tulipanda ndengu tena, na siku ya pili ya kupanda damu ikarudi.

Binti yetu Wanja hufundisha shule ya msingi karibu na Karurumo. Alikuja Jumamosi hiyo, akanitazama usoni, akaomba bahasha. Mama yake alikataa. “Bahasha ya daktari inafunguliwa na daktari.” Wanja alichukua kisu cha mboga akazing'oa pini mbili, moja, halafu ya pili. Alisoma akiwa amesimama. Akarudia kusoma. Nilikuwa nikitazama midomo yake, jinsi nilivyomtazama akisoma shairi lake la kwanza akiwa darasa la tatu.

“Baba,” alisema, “hawajasema hawakuona kansa kwa msuli.”

“Wamesema nini?”

“Wamesema kwa vile vipande walipelekewa hakukuwa na msuli hata kidogo. Kwa hivyo hawawezi kusema imefika wapi. Wameandika hapa chini wanaomba waletewe ingine. Haraka.”

Maabara ilikuwa imeomba. Mtu ambaye hakuwahi kuniona, aliyeinama juu ya makapi yangu, alikuwa amefanya kazi yake kwa haki. Alikataa kupiga muhuri. Aliandika kwamba kichwa hakipo, kileteni, na sisi tukayaweka maneno yake katika Zaburi tukayachinjia mbuzi. Marigu aliichukua Biblia mezani akaenda nayo jikoni.

Mwalimu mwenzake Wanja alikuwa na baba aliyetibiwa Meru, kwa hiyo tukaenda Meru. Mtu wa Gachoka akifika kule anafikiri Mungu amesahau kufunga friji. Ukungu, manyunyu, watu wamevaa majaketi mawili na bado wanacheka. Kwenye kliniki tulikaa mabenchi marefu ya mbao, yaliyong'arishwa na makalio ya wagonjwa. Mzee mmoja wa kutoka pande za Maua, aliyeitwa Kaberia, alinisogeza.

“Wewe ni mgeni. Kaa hapa mwisho. Hapa ni hatua kumi na mbili mpaka choo. Nimepima.”

Alikuwa na ugonjwa kama wangu, na alikuwa anaujua ukumbi ule kama shamba lake. Alijua muuguzi yupi ana mkono mwepesi na dirisha lipi huuza chai yenye maziwa ya kweli. Alininunulia kikombe. Siku hiyo kikombe kile kilinifaa kuliko maombi, na Mungu anisamehe.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Zuhura, mtu wa Pwani aliyeolewa huku. Aliisoma karatasi ya Embu polepole, akavua miwani.

“Mzee, msuli haukuonekana.”

Nilisikia ile u. Nilikuwa nimeisikia kichwani wiki tisa, lakini kuisikia kinywani mwa mtu mwingine ni jambo jingine. Marigu naye aliisikia. Alinigeukia, na nikaona kwamba ameelewa ngeli kwa mara ya kwanza maishani mwake, na kwamba alitamani asiielewe.

“Hii karatasi haisemi kansa ni ndogo, wala haisemi ni kubwa,” daktari aliendelea. “Inasema hatujui. Tutaingia tena, tutakata kwa kina, na msuli tutautia kwenye chupa yake peke yake, yenye jina lake, ili maabara wasibahatishe.”

“Nitaiona hiyo chupa?” nikauliza.

Alinitazama. Nikamwambia kazi yangu ilikuwa nini. Hakucheka. “Utaiona,” alisema.

Na kweli aliniletea. Nilikuwa nimelala chali, miguu imetundikwa, nusu ya chini ya mwili si yangu, naye akashusha vichupa viwili mpaka usawa wa macho yangu. Katika cha kwanza mlikuwa na makapi yale yale. Katika cha pili mlikuwa na kipande kisichozidi punje ya maharagwe, chenye rangi ya nyama, chenye nyuzi. Nilikitambua mara moja. Nimekikata kitu hicho maisha yangu yote, isipokuwa hiki kilikuwa changu. Nilifurahi kukiona, na papo hapo nikaogopa sana, kwa sababu sasa kimeletwa, na kilicholetwa kitaonekana.

Kungoja kwa mara ya pili hakufanani na kwa mara ya kwanza. Nilikaa kwa Wanja pale Karurumo ili niwe karibu na barabara. Aliniwekea kitanda chumba cha watoto wake na beseni chini yake. Hakunilaumu hata siku moja, ila nilimsikia akimwambia mumewe jikoni, “Baba alijua. Alijua tangu Agosti.” Nilijifanya nimelala. Siku hiyo nilitamani anifokee.

“Msuli umeonekana,” Daktari Zuhura alisema wiki mbili baadaye. “Na kansa imo.”

Hakuzunguka, nami nikamshukuru kwa hilo. Akaeleza: dripu nne za dawa ya kansa kwanza, wiki tatu tatu, kisha kibofu kitoke chote, na mkojo upate njia mpya tumboni, kwenye mfuko. Marigu alisema hapana. Alisema palepale, mbele ya daktari, mwanamke ambaye hajawahi kumpinga mtu mwenye koti jeupe. Alisema Mungu alishapokea shukrani, hawezi kuirudisha.

Nje, kwenye manyunyu, aliniambia jambo lililokuwa likimla. “Tulimchinjia Mungu mbuzi wa uongo, Baba Wanja. Ndio maana.”

“Mungu hayuko hivyo.”

“Unajuaje? Uliona nini wewe? Wewe ulijua ukaniacha niimbe.”

Nilirudi ndani, nikatia sahihi peke yangu. Tulirudi bila kusemezana, na hatukusemezana karibu mwezi mzima. Alinipikia, alinifulia, aliniamkia. Lakini alikula jikoni. Katika ugonjwa huu wote, na umenitoa viungo, hakuna sehemu iliyoniuma kama kusikia kijiko chake kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta.

Dripu ya kwanza ilinikuta ndengu zikitoa maua. Ya pili, zikiwa zimefunga maganda. Ya tatu, Wanja na mumewe walikuja kunivunia, kwa maana sikuweza kuinama bila kutapika. Nywele ziliondoka, kisha nyusi, na chakula kikawa na ladha ya msumari. Kaberia alikuwa akija siku ile ile yangu. Tulipewa viti viwili vinavyotazamana, akanifundisha kunyonya limau. Siku ya dripu ya nne kiti chake kilikuwa na mtu mwingine. Nilimuuliza muuguzi mwenye mkono mwepesi. Alirekebisha sindano yangu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji, akaniambia nisiongee, nitulie. Nilijua maana yake. Mimi pia nimewahi kumjibu hivyo mwenye ng'ombe.

Walikitoa kibofu mvua kubwa zilipoanza. Niliamka na mdomo mdogo mwekundu upande wa kulia wa kitovu, unaotoa mkojo bila kuniuliza. Nitakuambia yale ambayo sikuambiwa na mtu. Utaulowesha mkeka wa jirani. Utanuka, na watu wakarimu watajifanya hawajanusa. Yale mambo ya mume na mke yatakwisha, na mtalazimika kutafuta njia nyingine ya kuambiana kwamba bado mko. Mfuko ulipopasuka mara ya kwanza nilikuwa kanisani, sadaka ikipita. Nilikaa nikisikia joto likishuka pajani, nikifikiri, heri kufa. Marigu alivua leso yake, akanifunga kiunoni mbele za watu wote, akanishika mkono tukatoka katikati ya wimbo kama wazee wawili waendao kupiga picha. Huko nje alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

“Kutu ya mshipi,” alisema.

Sikuwahi kupewa dawa iliyozidi hiyo. Jioni ile alikula nami sebuleni, na kesho yake akaanza kunishonea mifuko ya kitambaa ya kufunika ule wa plastiki, kutoka kwa vitambaa vya nguo zake za zamani. Ninayo saba.

Lakini sijakuambia karatasi ya mwisho. Kibofu kikishatolewa, nacho hupelekwa maabara, kizima, pamoja na tezi za pembeni, na hapo ndipo hukatwa na kutazamwa pande zote. Nilimwomba Daktari Zuhura anisomee kila mstari, na kwa kila mstari nikauliza: mmeona hakuna, au hamkuona? Alinivumilia. Kingo zimeonekana, hazina kansa. Tezi kumi na nne zimeonekana, zote zimekatwa, hazina. Msuli umeonekana, umeliwa. Na nje ya msuli, kwenye mafuta, kuna mahali pamoja ambapo kansa imetokeza.

“Imetoka nje,” nikasema.

“Ilikuwa imetoka. Tumeiondoa pamoja na hayo mafuta. Ila sasa tutakutazama kwa karibu. Picha kila baada ya miezi mitatu, kisha sita, miaka mitano.”

Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba tangu Karurumo. “Kama ningekuja Agosti, ingekuwa imefika kwenye mafuta?”

Aliilaza karatasi mezani. Mvua ilikuwa ikigonga mabati ya ukumbi.

“Mzee, Agosti sikuikata,” alisema. “Nisichokikata sikijui.”

Sikumfundisha maneno yale. Kila fundi wa kweli huyafikia mwenyewe. Lakini yaliponirudia kutoka kinywani mwake nililia, na sikujaribu kujificha.

Nilipoweza kutembea nilienda kwa Nthiga. Nilimkuta akinoa kisu. Nikamwambia kwamba alisema kweli siku ile, na kwamba nimekuja kusema hivyo mbele ya wateja wake. Alinoa, akanoa.

“Basi utanipigia muhuri ya ile ng'ombe?”

“Hapana.”

“Sawa,” alisema, akanikatia kipande cha maini, akakifunga kwenye gazeti.

Marigu naye alifanya lake. Mbuzi wetu mmoja alizaa mtoto jike, mweupe kama yule wa Agosti, na Marigu akamfunga uzi mwekundu shingoni. Akasema huyu ndiye wa shukrani ya kweli, na hatachinjwa mpaka karatasi ya mwaka wa tano isomwe, ifunguliwe mezani, na kila neno lielezwe kwa Kimbeere. Kila baada ya miezi mitatu ninapanda Meru. Naingia kwenye ile mashine, nashikilia pumzi, natoka, nakaa mwisho wa benchi, hatua kumi na mbili kutoka chooni, na kama kuna mgeni namsogeza. Naangalia mlango ukifunguka. Naogopa kila mara, hofu haijazoeleka wala haijapungua, na mara ya mwisho walisema kuna kijidoa kwenye pafu ambacho hawana hakika nacho. Ni kidogo mno kukikata. Nirudi baada ya wiki sita, watazame kama kimekua. Bahasha niliifungua pale pale ukumbini, nikasoma mwenyewe, nikafika nyumbani nikamsomea Marigu kila neno. Hakuimba, wala hakuenda kula jikoni.

Asubuhi ya leo nilikuwa namtazama yule mbuzi. Amekuwa mkubwa, ameshazaa mara mbili, uzi wake umechakaa na kugeuka wa rangi ya udongo. Nthiga alipita, akamshika mgongo kwa mazoea, akasema yuko tayari, akizidi hapo nyama itakuwa ngumu. Nilimwambia amwache. Namwombea azeeke. Namwombea azeeke, meno yamng'oke, na nyama yake iwe ngumu hata siku ya ile karatasi ya mwaka wa tano ikifika tushindwe kumtafuna, mimi na Marigu.